Serikali ikiwa mnunuzi wa kwanza: je, tija ya kampuni hupanda?

SWALI: Mimi ni mhasibu katika kampuni inayotengeneza mita za maji za kielektroniki. Tumebuni mita mpya ambayo bado hakuna mwingine anayeiuza, na wakurugenzi wanataka tuingie zabuni ya mamlaka ya umma. Wanasema mkataba wa serikali utapandisha tija ya kampuni nzima. Mimi naona utapandisha mauzo, lakini tija sina hakika nayo. Utafiti unasemaje? Na nikitaka kujipimia mwenyewe, nipime nini?

JIBU: Ndugu mhasibu, umefanya vizuri kutenganisha mauzo na tija, maana hata katika vikao vya watu wazito mambo haya mawili huchanganywa. Mauzo ni fedha iliyoingia. Tija ni kiasi gani unatoa kwa saa zilezile za kazi, mashine zilezile na malighafi ileile. Kampuni inaweza kuuza maradufu na tija ikabaki palepale, au hata ikashuka, kwa sababu imeajiri watu maradufu kufanya kazi kwa namna ileile ya jana.

Jibu langu kwa ufupi: ununuzi wa serikali wa bidhaa bunifu unaweza kupandisha tija, na umewahi kufanya hivyo kwa kiwango kikubwa, ila mara nyingi haufanyi hivyo katika mwaka wa kwanza, na matokeo yanategemea zaidi namna serikali inavyoagiza kuliko kiasi inachotumia. Tena sehemu ya ongezeko linaloonekana kwenye vitabu si tija kabisa. Nianze na hili la mwisho, kwa kuwa liko mezani kwako.

Tuseme mnatengeneza mita 1,000 kwa saa 4,000 za kazi. Kila mita inakula malighafi ya 60 na mnaiuza kwa 100 kwa wateja wa kawaida. Sarafu ni yoyote. Thamani mliyoongeza ni 40 kwa mita, yaani 40,000 kwa jumla, sawa na 10 kwa kila saa ya kazi. Mamlaka ya umma inakuja na kukubali kulipa 120, kwa sababu mita ni mpya na hakuna wa kuwapinga bei. Malighafi ni ileile, saa ni zilezile. Thamani iliyoongezwa sasa ni 60 kwa mita, na kwa saa ni 15. Ripoti yako itaonyesha tija imepanda kwa asilimia 50, na huko kwenye karakana hakuna hata bisibisi iliyohamishwa. Bei imepanda kwa asilimia 20 tu! Kadiri malighafi inavyokuwa sehemu kubwa ya bei, ndivyo udanganyifu huu unavyokua.

Wachumi hutofautisha tija ya mapato na tija ya vitu halisi. Foster, Haltiwanger na Syverson walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa viwanda vya Marekani vinavyotengeneza bidhaa ambazo kipande kimoja hakitofautiani na kingine, kama zege iliyochanganywa tayari, barafu na sukari, ili waweze kuhesabu vitu badala ya fedha. Waligundua kwamba kampuni changa huuza kwa bei ya chini kuliko wakongwe, kwa hiyo kipimo cha fedha huzionyesha dhaifu kuliko zilivyo. Kwa suala letu hii ina maana kubwa. Kampuni changa yenye bidhaa bunifu inaweza kuwa na ufanisi mzuri ambao vitabu havioni, na kampuni kongwe yenye marafiki kwenye ofisi za ununuzi inaweza kuonekana na tija ya ajabu kwa sababu ya bei tu. Mtu akikuletea utafiti unaosema "wauzaji wa serikali wana tija kubwa zaidi", swali la kwanza ni: waliondoaje athari ya bei?

Kuna mtego wa upande wa pili pia. Nchini Misri, Atkin, Khandelwal na Osman walifanya jaribio na wafumaji wadogo wa mazulia: kwa bahati nasibu, baadhi yao walipata oda kutoka kwa wanunuzi wa nje. Faida ya waliopata oda ilipanda kwa kati ya asilimia 16 na 26, na ubora ukapanda sana. Lakini zulia walilotoa kwa saa lilipungua! Mnunuzi alitaka ufumaji mgumu zaidi, na ufumaji mgumu unakula muda. Watafiti hawakuishia hapo. Waliwaweka wafumaji wote mahali pamoja, wakawapa vifaa vilevile na zulia lilelile la kufuma. Waliokuwa wamefanyia kazi oda za nje walitoa zulia bora zaidi bila kutumia muda mrefu zaidi ya wenzao. Ujuzi ulikuwa umeongezeka kweli, ila hesabu ya vipande kwa saa ilikuwa imeuficha. Mnunuzi wao hakuwa serikali, lakini nauchukua mfano huu kwa sababu mnunuzi mgumu ni mnunuzi mgumu, na mamlaka ya maji inayodai mita isikosee hata mtiririko ukiwa mdogo sana itawafanyia jambo lilelile: mwaka wa kwanza mtaonekana wazembe.

Sasa tija halisi hupandaje? Njia ni nyingi, na moja inazidi nyingine zote kwa uzito, nayo ni kurudia. Tangu mwaka 1936, T. P. Wright alipoandika kuhusu utengenezaji wa ndege, inajulikana kwamba kila idadi ya jumla ya ndege zilizotengenezwa inapozidishwa mara mbili, saa za kazi kwa ndege moja hupungua kwa asilimia inayokaribia kuwa ileile. Kwake ilikuwa karibu asilimia 20. Tatizo la bidhaa bunifu ni kwamba hairudiwi, kwa kuwa hakuna anayeinunua, na hakuna anayeinunua kwa sababu ni ghali, nayo ni ghali kwa kuwa hairudiwi. Mnunuzi mkubwa asiyeogopa bei ya mwanzo ndiye anayekata mduara huo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni chipu za kielektroniki, zile saketi unganishi za miaka ya 1960 huko Marekani. Mwaka 1962 chipu zote zilizozalishwa zilinunuliwa na serikali, kwa ajili ya makombora na safari za anga, na bei ya wastani ilikuwa dola 50 kwa kipande. Mwaka 1965 sehemu ya serikali ilikuwa imeshuka hadi asilimia 72, na bei hadi dola 8.33. Kufikia 1968 serikali ilichukua asilimia 37 tu, na chipu ikauzwa dola 2.33. Zisome safu hizo mbili kwa pamoja. Bei inashuka wakati mnunuzi wa serikali anazidi kuwa mdogo sokoni, si kwa sababu ameondoka, bali kwa sababu wengine wameingia.

Kilichotokea ndani ya viwanda ndicho kinachonivutia zaidi. Wahandisi wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, waliobuni kompyuta ya Apollo, chombo kilichopeleka watu mwezini, waliamua kutumia aina moja tu ya chipu kwa mantiki yote ya kompyuta ile. Ukiangalia haraka, ni ubadhirifu: kwa aina kadhaa za saketi wangetumia vipande vichache zaidi. Lakini aina moja ikiagizwa kwa maelfu, kiwanda kinarudia kitu kilekile kila siku, na kasoro zinaanza kujionyesha. Shehena ilipimwa kwa ukali, na iliyoshindwa ilikataliwa. Katika kazi hii kipimo cha tija ni mavuno: kati ya chipu zote zilizochorwa kwenye kisahani kimoja cha silikoni, ngapi zinafanya kazi? Mavuno yakipanda, wafanyakazi ni walewale, silikoni ni ileile, tanuri ni lilelile, na chipu nzuri ni nyingi zaidi. Hiyo ni tija kwa maana yake kamili, haihitaji hila yoyote ya hesabu. Kombora la Minuteman II, ambalo kampuni ya Texas Instruments ililiuzia chipu kwa wingi, lilifanya kazi hiyohiyo kwa upande mwingine.

Robert Noyce wa Fairchild, kampuni ya kutengeneza chipu, alikuwa na msimamo ambao wakurugenzi wako wangefaidika kuujua. Alifurahi kuiuzia serikali, ila alijitahidi kukwepa fedha zake za utafiti, kwa kuwa hakutaka wahandisi wake wapangiwe cha kutafiti. Na mapema kabisa akashusha bei kwa wateja wa kiraia, akitegemea kwamba gharama zingeifuata. Serikali ilimpa wingi wa oda, na soko la pili alilitafuta mwenyewe.

Hadithi ya chipu inapendwa sana, na hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi kidogo, maana inasimuliwa kwa kuwa ilifaulu. Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, nayo ilikuwa bidhaa bunifu iliyobebwa na serikali, tena mbili, Uingereza na Ufaransa. Zilitengenezwa 20, zikihesabiwa na zile za majaribio, na 14 tu ndizo zilizobeba abiria kibiashara, zote kwa mashirika ya ndege ya nchi hizohizo mbili. Uhandisi ulikuwa wa hali ya juu. Lakini kwa ndege 20 hakuna kiwanda kinachojifunza kurudia, na mnunuzi wa pili hakutokea. Kinachonisumbua kuhusu mita yenu ndicho hicho: je, mamlaka ya pili na ya tatu zinaweza kununua mita hiyohiyo bila kubadilisha kitu?

Njia nyingine za kupandisha tija nitazipitia haraka. Mkataba wa miaka kadhaa unawapa ujasiri wa kununua mashine ambayo msingeithubutu kwa oda za hapa na pale. Mnunuzi anayejua anachotaka huwalazimisha kuondoa kasoro mlizozoea kuishi nazo. Na jina la mnunuzi wa umma kwenye orodha ya wateja hupunguza gharama ya kumshawishi anayefuata, jambo ambalo kwa kampuni ndogo si dogo.

Kuhusu utafiti. Tatizo kubwa ni kwamba kampuni zinazoshinda zabuni mara nyingi zilikuwa bora tangu mwanzo. Ukilinganisha washindi na wengine, unapima ubora wa awali na kuuita matokeo ya mkataba. Ferraz, Finan na Szerman walipata njia nzuri ya kulikwepa hili nchini Brazil, ambako minada ya ununuzi wa umma kwa mtandao ilikuwa ikifungwa kwa wakati usiotabirika. Aliyeongoza sekunde ile alishinda, na aliyemfuata kwa karibu sana alikosa, kwa bahati tu. Walilinganisha hao wawili, wakakuta kwamba kushinda angalau mkataba mmoja katika robo ya mwaka kunaongeza kasi ya ukuaji wa kampuni kwa pointi 2.2 za asilimia katika robo hiyo, na athari inaendelea hata mkataba ukishaisha. Ni matokeo ya maana, ila angalia: kinachokua ni idadi ya wafanyakazi, na bidhaa zilikuwa za kawaida. Anayekunukulia utafiti huu kama uthibitisho wa tija ameukata kipande.

Kwa bidhaa bunifu, Frank Lichtenberg alionyesha mwaka 1988 kwamba kampuni za Marekani zilitumia fedha zao wenyewe kwenye utafiti ili kujiweka sawa kwa mashindano ya zabuni za serikali za kubuni na za kiufundi. Kwa hiyo zabuni huanza kufanya kazi kabla ya mkataba kusainiwa, hata kwa wanaoshindwa. Hilo linaweza kuwa jema au hasara, kutegemea kama ulichokitafiti kina matumizi mengine.

Utafiti ninaoutegemea zaidi ninapotoa ushauri unahusu Jeshi la Anga la Marekani. Mpango wa serikali ya nchi hiyo wa utafiti wa kampuni ndogo ulianza mwaka 1982, na kwa miaka mingi jeshi lilikuwa likitangaza mada zilizobanwa: tunataka kifaa hiki, cha namna hii. Mwaka 2018 likaanza pia mada za wazi, ambapo kampuni yenyewe inaeleza ina nini na jeshi lingekitumiaje. Howell na wenzake walilinganisha waliopita kwa tundu la sindano na waliokosa kwa tundu la sindano katika kila aina. Kwa mada za wazi, washindi walipata zaidi mitaji ya wawekezaji, hataza (haki za kisheria juu ya ubunifu) na mikataba ya kijeshi iliyofuata. Kwa mada zilizobanwa, ushindi haukuleta tofauti yoyote ya kuonekana katika mambo hayo, na walioshinda walikuwa wakirudi kushinda tena na tena, kana kwamba kushinda zabuni ndiyo bidhaa yao. Serikali ni ileile, jeshi ni lilelile; kilichobadilika ni swali lililoulizwa.

Na yapo yanayoshusha tija, ambayo wakurugenzi hawayaweki kwenye makabrasha yao. La kwanza ni saa za wahandisi zinazomezwa na nyaraka. Mhandisi anayejaza fomu za zabuni wiki nzima hatengenezi kitu, na saa zake ziko ndani ya gharama. La pili ni kuchelewa kulipwa. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilipunguza muda wa kuwalipa wakandarasi wadogo kutoka siku 30 hadi 15, na Barrot na Nanda wakakuta kwamba waliolipwa mapema waliongeza ajira. Siku 15 tu! Fikiria basi kampuni inayosubiri ankara yake kwa miezi: fedha ya kutengeneza mashine haipo, matengenezo yanaahirishwa, malighafi inanunuliwa kidogokidogo kwa bei mbaya. La tatu linahusu nchi nzima kuliko kampuni moja: Austan Goolsbee alionyesha mwaka 1998 kwamba matumizi ya serikali kwenye utafiti huishia kwa kiasi kikubwa katika mishahara ya wanasayansi na wahandisi, kwa kuwa idadi yao haiongezeki haraka. Kampuni inayoshinda inaweza kuwa imewavuta watu kutoka ile iliyokuwa ikiwatumia vizuri zaidi.

Aina ya mkataba pia ina neno. Mkataba wa kurudishiwa gharama pamoja na faida juu yake unaua hamu ya kuokoa saa, kwa kuwa kila saa unayoiokoa inapunguza mapato yako. Mkataba wa bei isiyobadilika unageuza hilo: saa iliyookolewa ni yako. Desemba 2008 NASA, shirika la anga la Marekani, ilinunua safari za mizigo kwenda kituo cha anga kwa njia hii ya pili, safari 12 kutoka kampuni ya SpaceX kwa dola bilioni 1.6 na safari 8 kutoka kampuni ya Orbital Sciences kwa dola bilioni 1.9, na haikuwaambia roketi ifanane vipi. Lakini msikimbilie bei isiyobadilika kwa kitu ambacho hamjawahi kukitengeneza hata mara moja. Boeing ilikubali bei ya namna hiyo kwa chombo chake cha wanaanga, Starliner, na imekwisha kuandika hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.5. Boeing inaweza kuibeba hasara hiyo. Ninyi je?

Sasa vipimo. Kwanza, hesabu saa za kazi kwa kila mita nzuri iliyotoka, na neno "nzuri" lina uzito: mita iliyorudishwa kurekebishwa ihesabiwe saa zake zote. Weka pembeni asilimia ya mita zinazokataliwa kwenye majaribio, maana ndiyo mavuno yenu. Pili, ukikokotoa thamani iliyoongezwa, tumia bei ya mteja binafsi kwa mita zote, hata zile za serikali. Tofauti ya bei iandike kwenye mstari wake mwenyewe na uiite kwa jina lake, yaani nyongeza ya bei. Tatu, saa za kuandaa zabuni na kukaguliwa ziingie kwenye hesabu ya mkataba huo, zisifichwe kwenye gharama za jumla za ofisi. Mwisho, tafuta bidhaa yenu nyingine ambayo mkataba hautaigusa, uipime kwa namna ileile. Tija yake ikipanda sawasawa na ya mita, basi kilichopandisha ni kitu kingine, labda meneja mpya wa karakana au umeme usiokatika, na mkataba usipewe sifa isiyo yake. Ila kama wafanyakazi huhamahama kati ya bidhaa hizo mbili ulinganisho utakuwa na ukungu, kwa sababu ujuzi husafiri na mtu.

Kabla hamjaamua, fungua nyaraka za zabuni kwenye sehemu ya masharti ya kiufundi. Kama yanasema mita ifanye nini (ipime mtiririko wa chini kiasi gani, idumu miaka mingapi, ivumilie nini), mna nafasi ya kubuni njia nafuu na faida ya ubunifu huo itabaki kwenu. Kama yanaeleza nyenzo, ukubwa wa kila sehemu na mfumo wa mawasiliano unaotumiwa na mamlaka hiyo peke yake, mtakuwa mnatengeneza bidhaa ya mteja mmoja; chukueni mkataba kama faida yake inatosha, lakini tija msiitaje. Angalia pia haki za ubunifu zinabaki kwa nani na malipo yanatoka baada ya siku ngapi, na kama muda huo una adhabu ukivunjwa.

Na saa za kazi anza kuziandika wiki hii, zabuni iwe imetangazwa au bado. Bila takwimu za kabla ya mkataba, za miezi 12 kama mnaweza, utakachokuwa nacho baadaye ni maoni ya wakurugenzi na maoni yako, na wao ni wengi kuliko wewe.